Matanga ya Karakana ya Mkole

Namna nilivyofika Mbonini si habari ya kumchosha msomaji. Nilipanda, nikashuka, tumbo likanisumbua kidogo njiani, nikafika. Kinachostahili kusimuliwa ni nilichokikuta huko, nami nitakieleza kama nilivyokiona, bila kukitia chumvi, maana chumvi waliyonayo wenyewe inawatosha.

Mimi ni mpiga picha wa studio mjini Korogwe, mwaka wa ishirini na sita sasa. Napiga harusi, ubatizo, pasipoti, na wazee wanaotaka waonekane wakali kuliko walivyo. Kamera yangu kubwa ilitengenezwa Mbonini, katika karakana iitwayo Mkole, na lenzi yake ilipasuka siku bwana harusi mmoja alipoamua kutuonyesha anavyojua kurusha miguu. Niliwaandikia Mkole barua. Wakanijibu kwa mistari miwili: lenzi ya ukubwa huo haikai dukani, inabidi itengenezwe, njoo baada ya miezi miwili uichukue mwenyewe.

Miezi ile miwili ningeweza kufanya kazi kwa kamera ndogo. Sikufanya. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, simu mkononi, nikibishana na watu nisiowajua kuhusu mtengenezaji gani wa kamera atafunga milango kwanza. Kuna mmoja anayejiita Jicho Kavu. Huyo nilibishana naye siku kumi na moja mfululizo, na siku ya kumi na mbili nikajikuta namjibu kwa sauti nikiwa bafuni. Mke wangu akaniambia, "Baba Chausiku, watu wanapita wanakuona umeinama hivyo, wanadhani umefiwa." Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nawacheka watu wa Mbonini kutoka juu ya paa. Nawacheka nikiwa nimekaa nao jamvi moja.

Mbonini ni nchi ndogo, safi, yenye vilima vya mawe meupe ambayo husagwa na kuyeyushwa yakawa kioo. Karakana za kamera ziko tatu: Mkole, Zumbe na Fereji. Mtu huzaliwa ndani ya mojawapo kama anavyozaliwa ndani ya ukoo. Kwetu tukikutana tunaulizana habari za nyumbani; wao huulizana, "Unashika nani?" Askari wa lango la mji aliponiuliza hivyo, nilijibu kwamba nashika Mkole. Akavua kofia.

"Pole sana, bwana mgeni," akasema. "Angalau umewahi mazishi. Ni keshokutwa, Alhamisi, baada ya alasiri."

"Mazishi ya nani?"

"Ya Mkole. Imekufa. Kwani hujasoma Ukuta?"

Nikaenda kuusoma. Ukuta wa Mbonini umejengwa kwa matofali mekundu katikati ya mji, na urefu wake unapita viwanja viwili vya mpira. Raia yeyote anaruhusiwa kubandika karatasi yake pale. Wachache wenye haki ya kukaa kwenye vigoda mbele ya Ukuta huitwa wachambuzi, na karatasi zao hubandikwa usawa wa macho. Chini yake wananchi huongeza vikaratasi vyao. Cha kwanza daima huandikwa "Wa kwanza!" na hakina neno lingine. Vinavyofuata huanza kwa adabu, kisha hushuka vikitukanana mpaka vinafika ardhini, na niliona watu wazima wamepiga magoti mavumbini wakisoma matusi ya mwisho kwa makini sana.

Juu, mikono isikofika, matofali yameachwa wazi kwa makusudi. Hayo ni ya kupimia kamera. Mwenye kamera mpya huyapiga picha, kisha wenzake huikagua ile picha kwa kioo cha kukuzia, pembe kwa pembe, na kutoa hukumu. Niliingia mikahawa mitatu siku ile, na yote ilikuwa imetundikwa picha za matofali. Sikuona picha ya mtu hata mmoja. Nilimwuliza mama mwenye mkahawa wa tatu kwa nini hatundiki picha za wanawe.

"Wanangu hawatulii," alinijibu kwa mshangao. "Utapimaje ukali wa lenzi kwa kitu kisichotulia?"

Nikaelekea Mkole nikiwa na huzuni yangu tayari. Niliikuta karakana ya marehemu iko wazi, mafundi wanne wanasaga vioo, na mwenyewe, Bi Siwatu, mwanamke wa miaka sitini na ushei, amefunga kanga kiunoni na miwani yake inaning'inia kwa uzi wa kushonea viatu.

"Wewe ndiye wa Korogwe," akasema kabla sijajitaja. "Karibu, mwanangu. Lenzi yako imo mle."

Alinionyesha tanuri kubwa la udongo pembeni, limezibwa mdomo na kukandikwa pande zote kama nyumba mpya. Akanieleza. Kioo cha lenzi ndogo hupoa kwa siku mbili. Kioo cha lenzi kubwa kama yangu humiminwa, tanuri likazibwa, moto ukazimwa, kikaachwa kipoe chenyewe taratibu kwa siku kumi na mbili. Ukifungua mapema, hewa ya nje inakishtua na kinapasuka vipande. Siku hiyo ilikuwa ya nane. Tanuri lingefunguliwa Jumamosi asubuhi.

"Na wakati wote huo moshi hautoki," nikasema.

"Moshi utatoka wapi, na moto hakuna?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Wachambuzi wa Mbonini hawaingii karakana. Hawaruhusiwi. Zamani za kale mmoja aliingia, akakaribishwa chai na chapati za maji, zikamkolea, akatoka akaandika kwamba lenzi za karakana ile hazina mpinzani duniani. Wananchi wakakasirika, ikatungwa Sheria ya Chai: mchambuzi akikanyaga ndani ya karakana, ananyang'anywa kigoda na neno lake halisomwi tena, kwa sababu aliyeona kwa macho yake ameshaanza kupendelea. Na mwananchi wa kawaida akiingia, naye hana ruhusa tena ya kubandika kitu Ukutani; ndiyo maana kamera hununuliwa dirishani. Basi wachambuzi hupanda kilima na kuhesabu moshi wa mabomba. Moshi mwingi, karakana inaneemeka. Moshi kidogo, inayumba. Moshi ukikosekana, wanaanza kunoa kalamu.

"Kwa hiyo maiti hii nimeiua mimi," nikasema. "Kwa lenzi yangu."

Bi Siwatu akacheka. Lakini alipoendelea hakuwa akicheka tena. Mkole ikizikwa, alisema, kila karatasi ya kifo hutolewa ndoo moja ya maji, na ndoo zote humwagwa ndani ya tanuri. Kioo kitapasuka na tanuri lenyewe litapasuka. Mafundi watagawiwa Zumbe na Fereji. Tanuri lile lilijengwa na mama yake, naye hana mgongo wa kujenga lingine.

"Choma basi majani makavu," nikamwambia. "Hata matambara. Moshi utoke, wakuone."

Alinikazia macho. "Miaka yangu yote nawanunia kwa kusoma moshi badala ya kuja kuuliza. Leo niwaandikie huo moshi mimi mwenyewe? Bora wanizike."

Siku iliyofuata, Jumatano, nilikwenda kupinga jambo hili serikalini. Nilielekezwa Ofisi ya Bado, jengo kubwa kuliko hospitali yao. Karani wake ni Bwana Zuberi Mlekwa, mtu mpole, mwembamba, mwenye gundi kwenye vidole vyote kumi. Alinikaribisha kiti, nacho kikanigandia suruali.

"Mbonini hakuna utabiri uliokosewa," alinieleza. "Upo uliotimia, na upo ambao bado." Akanyoosha mkono kuelekea madaftari yaliyofika darini. "Mzee Shomvi, kwa mfano, mchambuzi wetu mkuu, ameitabiria Mkole kifo mara kumi na tisa. Zote kumi na tisa ziko pale juu, zina afya njema."

"Na ikifa kesho?"

"Tutaandika kwamba alisema kweli tangu mwanzo."

Nilimwuliza sheria ya kuzika inatakaje. Inataka karatasi saba za wachambuzi saba ndani ya mwezi mmoja. Nikaziomba, akanipa, nami nikazisoma zote nikiwa nimegandishwa pale kitini. Ya kwanza ilikuwa ya Mzee Shomvi, fupi: moshi wa Mkole haujaonekana kwa siku sita, nahofia mwisho umefika. Ya pili ilisema mwisho wa Mkole umefika kwa mujibu wa chanzo cha kuaminika. Ya tatu ilikuwa na vyanzo viwili. Ya nne, vitatu. Ya saba ilijigamba kwamba habari hii imethibitishwa na vyanzo sita visivyojuana.

"Bwana Karani," nikasema, "hii ni karatasi moja iliyosomwa mara saba."

"Sheria inasema saba, bwana mgeni. Haisemi zimetoka wapi."

"Lakini mimi nimeingia Mkole jana. Nimeona. Tanuri linapoa tu."

Akanitazama kwa huruma ya kweli, na hili ndilo lililoniudhi zaidi. "Sasa umeniharibia," akasema. "Ungeniambia umesikia mahali, ningeweza kukuandika."

Nikamwendea Mzee Shomvi nyumbani kwake, nyuma ya Ukuta. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Jicho Kavu nilikuwa namchukia vizuri tu bila kumjua, nikadhani huyu atakuwa rahisi zaidi. Nilimkuta mzee wa miaka sabini na kitu, pasi ya mkaa mkononi, anaipiga pasi kanzu ya mazishi, na machozi yanamtoka bila yeye kujishughulisha kuyafuta.

"Unashika nani, bwana?" akaniuliza.

"Mkole."

"Mwenzangu," akasema, akanipa mkono. "Mimi toka kwa baba yangu."

Hili lilinichanganya. Nikamwuliza, kama anaipenda hivyo, kwa nini anaitangazia kifo kila mwaka? Akaiweka pasi juu ya kisahani chake, akafikiri.

"Umewahi kuuguza mtu unayempenda? Unakaa kitandani kwake unasikiliza anavyopumua. Akikohoa kidogo, unasema anaondoka. Mimi nakaa kilimani naangalia moshi wa Mkole. Ukipungua kidogo, naandika. Nadhani nikishasema mapema, siku yenyewe ikifika haitaniuma sana." Akatikisa kichwa. "Kumbe inauma vilevile."

Chuki yangu yote ikaniishia hapohapo, na sikupenda.

Kuta za chumba chake zilijaa picha za matofali, za miaka arobaini, kila moja na tarehe na alama zake: ukali, pembe, rangi. Alinipitisha kwenye zote kwa fahari. Kisha akatoa nyingine mfukoni mwa shati, iliyochakaa kingo kwa kushikwa. Nayo ilikuwa ya matofali. Ila upande wa kulia palikuwa na kivuli cha mtu amenyanyua mwavuli.

"Mke wangu, Mwanakombo," akasema. "Alikuwa ananikingia jua lisiingie kwenye lenzi. Nikamgombeza, kivuli kimeingia. Tazama nyuma, niliandika 'mbovu'. Ana mwaka wa tano sasa tangu afariki. Ndiyo picha yake niliyonayo. Nyingine sina."

Mimi nimepiga maelfu ya watu nisiowajua, wakiwa na wake zao na watoto wao na baiskeli zao mpya, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu duniani mwenye kamera nzuri kuliko zangu zote na hana hata uso mmoja.

Nikamwambia habari ya tanuri. Sikufika mbali.

"Umeingia?" akauliza.

"Nimeingia."

"Basi usinieleze!" Akaziba masikio kwa viganja viwili. "Neno lako halifai, na ukinieleza utalichafua na langu."

Hapo nilikasirika. Nilisema kwa sauti ya kupenya viganja. "Mzee wangu, kesho utamwaga maji baridi kwenye tanuri lenye joto. Kioo kitapasuka, yule mama ataishiwa nguvu, na Mkole itakufa kweli, kwa ndoo yako. Halafu wataandika kwamba ulijua toka zamani."

Aliichukua pasi akaiweka juu ya kanzu, akasahau kuiondoa. Tuliponusa harufu ya kuungua, alama ya kahawia ilikuwa imeshachoreka kifuani, pana kama kiganja.

Alhamisi mji mzima ulitoka. Nimehudhuria matanga mengi, sijaona yaliyojaa vile. Wenye kushika Mkole walilia, hilo lilitarajiwa. Walioniacha kinywa wazi ni wa Zumbe, mahasimu wao wa miaka yote, waliolia kuwashinda wafiwa. Mwanamke mmoja mnene wa Zumbe, Bi Tatu, aliniegemea begani akisema, "Sasa nitamtania nani mimi? Fereji? Fereji hawana hata ucheshi!" Nilikuja kujua baadaye kwamba huyu ndiye aliyekuwa akibandika "Wa kwanza!" chini ya kila karatasi, na kwamba kazi hiyo huamkiwa alfajiri.

Wachambuzi saba walisimama mbele ya mlango wa Mkole, kila mmoja na ndoo yake na kigoda chake kwapani. Desturi ni kwamba humkabidhi karani ndoo kutokea kizingitini, naye ndiye anayeingia kumwaga, kwa kuwa karani wa serikali hahesabiwi kuwa na macho. Bi Siwatu alikuwa amekaa kwenye benchi ndani, mikono mapajani, mafundi wake wamemzunguka. Mimi nilisimama pembeni nikimtazama na kujiona mwuaji.

Bwana Zuberi akasoma karatasi zote saba kwa sauti, pamoja na vyanzo vyake. Kisha akamgeukia Mzee Shomvi, kwa maana mwenye karatasi ya kwanza ndiye mwenye ndoo ya kwanza.

Mzee Shomvi, katika kanzu yake yenye alama ya pasi kifuani, aliinyanyua ndoo. Akaitazama. Akaishusha chini polepole bila kumwaga tone, akanipa mimi kigoda chake nimshikie, akavua makubadhi, na akaingia ndani.

Kelele zilizopigwa sitazisahau. "Ameingia! Shomvi ameingia!" Mchambuzi wa pili akaanza kuandika palepale juu ya goti. Mzee hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye tanuri, akaweka viganja viwili juu ya udongo, akatulia kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Jamani," akasema. Akavibonyeza viganja tena, kuhakikisha. "Jamani, ana joto."

"Neno lake halifai!" wakapaza sauti wachambuzi sita. "Ameona!"

Bwana Zuberi akafungua kitabu cha sheria, akafunga, akafungua tena. "Kweli halifai," akasema kwa unyonge. "Mzee Shomvi, kuanzia sasa huna kigoda."

"Najua sina. Msinisikilize basi. Njooni mguse wenyewe."

Watu wakasimama pale kizingitini kama ng'ombe mbele ya daraja jipya. Kila mmoja alijua gharama yake: ukiingia, Ukutani huna neno tena maisha yako yote. Nami nilijiuliza, kwa uaminifu, kama ningekuwa na simu yangu mkononi na mtu akaniambia uguse tanuri hili au ubaki na haki ya kumjibu Jicho Kavu, ningechagua lipi. Sikupata jibu la haraka, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Bi Tatu wa Zumbe ndiye aliyejitoa. Alijipangusa machozi kwa upindo wa kanga, akatupita wote akapanda kizingiti. "Liwalo na liwe, miguu yangu imechoka kuwahi alfajiri," akasema. Akaweka kiganja kwenye tanuri karibu na cha Mzee Shomvi, akafumba macho, kisha akawageukia wenzake nje akiwa na uso umemchanua. "Wa kwanza!" akapiga kelele. Mzee Shomvi hakumbishia.

Baada ya huyo hapakuwa na kuzuia. Waliingia wazee, waliingia kina mama, aliingia mwenye mkahawa na wanawe wasiotulia. Kila mtu aliweka mkono, na kila mtu aliposikia lile joto alishusha sauti, bila kuambiwa. Bi Siwatu alibaki akirudia, "Taratibu jamani, msinitikisie, kioo kimelala." Mafundi wakateleka chai kwenye jiko la pembeni, kwa sababu sasa Sheria ya Chai haikuwa na wa kumshika. Walibaki nje wachambuzi sita, ambao kwa haki niseme walikuwa wanashikana wasiingie kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine, na Bwana Zuberi na kalamu yake.

Alikuwa na safu moja tu ya kujaza: imezikwa, au la. Alisogea dirishani.

"Joto la kiasi gani?" akanong'ona.

"La uji uliosahauliwa mezani," Mzee Shomvi akamjibu.

Bwana Zuberi akalamba kalamu, akaandika katika daftari kubwa kwa mwandiko mzuri: Bado. Maji ya ndoo saba yalimwagiwa mchicha wa jirani.

Kesho yake, Ijumaa, Ukuta ulikuwa na karatasi sita mpya zilizotangaza kwamba uchambuzi Mbonini umekufa, kwa mujibu wa vyanzo vitano. Chini yake vikaratasi vilikuwa vichache. Ilihitajika karatasi ya saba, na wa saba hakuwa na kigoda. Kigoda chenyewe nilikuwa nimekikalia mimi, Mkole, nikinywa chai.

Jumamosi asubuhi Bi Siwatu alivunja udongo wa mdomo wa tanuri kwa nyundo ndogo. Kioo kilitoka kizima. Karibu na ukingo palikuwa na kitone cha hewa, mfano wa punje ya ufuta. Alikizungusha kwenye mwanga akasema hakitaonekana kwenye picha. Mzee Shomvi alisogeza uso, akakitazama kile kitone kwa muda mrefu, na nilimwona anavyojizuia. Wiki moja nyuma kitone kile kingemzalia karatasi tatu. Safari hii alikwenda kuchukua ufagio, akafagia vipande vya udongo. Ndiyo kazi aliyoomba pale, na Bi Siwatu alimpa kwa sharti la kutokaa karibu na dirisha akihesabu wanunuzi.

Kukata na kusaga lenzi kulichukua siku nyingine tisa. Ilipofungwa kwenye kamera yangu, niliitoa uani, nikaisimamisha kwenye miguu yake mitatu, na nikamwambia Mzee Shomvi aifungue yeye. Alikataa mara mbili kwa adabu, mara ya tatu akakubali. Akaingia chini ya kitambaa cheusi. Nikaona kamera inageuka yenyewe, kwa mazoea ya miaka arobaini, mpaka ikaelekea Ukuta uliochungulia juu ya paa la jirani. Ikakaa hapo.

Kisha ikaanza kurudi, polepole, ikapita mlimao, ikapita kamba ya nguo, ikasimama kwa Bi Siwatu, aliyekuwa anachambua mchele kwenye ungo na hana habari.

"Kaka Shomvi, unafanya nini?" akauliza alipoona, akaanza kucheka na kuficha meno kwa upindo wa kanga. "Niache nijifunge vizuri kwanza!"

Mzee akafyatua.

Tuliisafisha picha katika chumba cha giza cha Mkole na kuianika kwenye kamba ya nguo. Ilipokauka aliichukua kwa ncha za vidole, akavaa miwani, akaikagua pembe kwa pembe kama alivyozoea. Mimi na Bi Siwatu tulisubiri. Picha haikuwa nzuri, naisema kama fundi. Mzee aliitingisha kamera, Bi Siwatu alicheka wakati usiofaa, na nusu ya ungo ilikuwa imekatika.

"Imetingishika," akasema hatimaye. "Kushoto hakuna kitu. Weupe umezidi. Uso hauna ukali hata kidogo, kwa sababu mwenye uso hakutulia."

"Kaibandike basi Ukutani, wenzako waijadili," Bi Siwatu akamtania.

Mzee Shomvi akaigeuza nyuma, akatoa kalamu, nami nikadhani anaandika lile neno lake la zamani. Hakuandika kitu. Akarudisha kalamu, akaitoa ile picha ya kivuli mfukoni mwa shati, akaziweka mbili pamoja, uso kwa uso, akazirudisha mfukoni na kufunga kifungo.

"Wao waijadili kwa nini?" akasema. "Kwani wanamjua?"

Niko Korogwe sasa. Jicho Kavu ameniandikia mara nne akisema kwamba Mkole imekufa, ana uhakika. Sijamjibu. Jumapili iliyopita nilimketisha mke wangu mbele ya kamera, miaka ishirini na sita ya studio na sikuwa na picha yake hata moja niliyompiga mimi, nikamwambia asitulie.